Kiti Kitupu: Historia ya Wikendi ya Bei Nafuu katika Miji Mikuu ya Ulaya

Safari ya siku mbili au tatu kwenda London, Paris, Prague au Lisbon, kwa fedha ambayo karani au fundi anaweza kuitenga katika mshahara wake, ni jambo jipya kuliko wengi wanavyodhani. Miaka 200 iliyopita mtu wa kipato kidogo aliyefika mji mkuu alikwenda kutafuta kazi, kuuza mali au kufuata shauri, hakwenda kutembea. Ili aweze kwenda kutazama tu kisha arudi kwake, vitu vitatu vilipaswa kushuka bei, yaani nauli, kitanda na chakula, na cha nne, muda, kilipaswa kupatikana. Kila kimoja kina historia yake, lakini karibu vyote hupitia mlango mmoja: kiti au kitanda ambacho kingebaki kitupu. Treni iliyopangiwa kuondoka saa fulani itaondoka, imejaa au haikujaa. Hoteli italipa wapishi na walinzi wake hata kama nusu ya vyumba havina mgeni. Msafiri anayekubali kuondoka saa isiyopendwa, kulala chumba kimoja na wenzake au kulipa miezi kadhaa kabla, humsaidia mwenye mali kuziba pengo hilo, na punguzo la bei ndilo fungu lake.

Reli ndiyo iliyoanza. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, seremala na mhubiri wa Kibaptisti aliyekuwa akipiga vita ulevi, alikodi treni ya kuwachukua watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, mwendo wa kilomita 18 hivi, kwenda kwenye mkutano wa kupinga pombe. Kila mmoja alilipa shilingi 1. Shilingi hiyo, yenye peni 12 na ambayo 20 zake zilifanya pauni moja, ndiyo iliyokuja kuipa jina shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Cook hakuwa wa kwanza kukodi treni ya matembezi. Alichokiona mapema kuliko wengine ni kwamba kampuni ya reli ingekubali kushusha nauli iwapo mtu mwingine angebeba kazi ya kukusanya abiria, kuwauzia tiketi na kuhakikisha kila benchi lina mtu.

Miaka mitatu baadaye Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyosukumwa na William Gladstone: reli mpya ziwe na angalau treni moja kila siku yenye daraja la tatu lililoezekwa na lenye viti, kwa nauli isiyozidi peni 1 kwa maili. Kabla ya hapo abiria maskini walizoea kusafirishwa katika mabehewa ya wazi, mvua na masizi ya injini vikiwaangukia. Hata hivyo peni 1 kwa maili bado ilikuwa nzito kwa safari ndefu. Kwa kiwango hicho mtu wa Leeds angelipa zaidi ya shilingi 30 kwenda London na kurudi.

Mambo yaligeuka mwaka 1851. Tarehe 1 Mei yalifunguliwa huko London Maonyesho Makubwa ya viwanda vya mataifa yote, ndani ya jumba la chuma na vioo lililosimamishwa Hyde Park kwa ramani ya Joseph Paxton, urefu wake zaidi ya mita 560. Siku za mwanzo kiingilio kilikuwa cha matajiri. Kuanzia 26 Mei kikapangwa upya: Jumatatu hadi Alhamisi shilingi 1, Ijumaa shilingi 2 na peni 6, Jumamosi shilingi 5, na Jumapili milango imefungwa. Ratiba hiyo inaeleza hali ya wakati ule vizuri kuliko hotuba nyingi. Jumamosi, siku ambayo leo miji mikuu hufurika wageni, ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote, kwa sababu ilitengwa kwa ajili ya wenye nafasi ambao hawakutaka kusongamana na umati. Mfanyakazi aliyetaka kuona jumba la vioo alipaswa kuomba ruhusa kwa mwajiri na kwenda katikati ya wiki. Alikuwa na safari, lakini hakuwa na wikendi.

Paxton alikuwa pia mkurugenzi katika kampuni ya reli ya Midland, na ndiye aliyeshiriki kumshawishi Cook awapeleke watu London. Kikwazo kilikuwa akiba. Katika miji ya viwanda ya kaskazini na katikati ya nchi viliundwa vyama vya kuweka fedha kwa ajili ya safari hiyo peke yake. Mwanachama alitoa kiasi kidogo kila wiki kwa miezi mingi. Huo haukuwa upatu wa kupokezana. Fedha zilikaa pamoja mpaka siku ya kuondoka ilipofika, zikanunua tiketi za kundi zima. Kisha kampuni za reli zikaanza kushindana, na ushindani huo ukawa neema kwa wasafiri: nauli ya Leeds hadi London, kwenda na kurudi, ilianguka hadi shilingi 5. Cook peke yake alisafirisha watu takriban 150,000 msimu ule.

Waliofika walihitaji pa kulala, na hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo wapangaji wa safari wangelitambua hata leo. Mtu mmoja aitwaye Thomas Harrison alifungua mtaa wa Pimlico nyumba kubwa ya mafundi yenye nafasi ya watu 1,000. Kwa shilingi 1 na peni 3 mgeni alipata usiku mmoja: kitanda, godoro la sufu, mashuka, blanketi, sabuni na taulo. Kung'arishiwa viatu kulikuwa na malipo yake ya peni 1. Bei ya msingi iliyo ya chini, na nyongeza ndogo kwa kila huduma ya ziada, haikubuniwa na mashirika ya ndege.

Si wote waliokuwa na hata hizo shilingi. Mary Kelynack, mwanamke wa miaka 84 kutoka pwani ya Cornwall ambaye maisha yake yote aliuza samaki, alitembea kwa miguu kutoka Penzance hadi London, zaidi ya kilomita 400, akiwa na kapu lake kichwani, ili ayaone maonyesho. Alifika, akayaona, akapokelewa na meya wa jiji, na Malkia Victoria mwenyewe alimtazama. Habari zake ziliandikwa magazetini kama kioja. Leo zinasomeka zaidi kama kipimo cha hamu iliyokuwapo. Maonyesho yalipofungwa mwezi Oktoba, yalikuwa yamehesabu viingilio zaidi ya milioni 6, na tarehe 7 Oktoba peke yake waliingia watu 109,915, katika nchi ambayo watu wake wote walikuwa karibu milioni 21.

Muda ulikuja taratibu. Mafundi wengi wa Uingereza walikuwa na desturi ya kutokwenda kazini Jumatatu, wakimaliza uchovu wa Jumapili, nao waajiri waliichukia desturi hiyo. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliagiza kazi ya wanawake na vijana katika viwanda vya nguo ikome saa 8 mchana siku ya Jumamosi, na kwa kuwa mitambo haikuweza kuendeshwa bila wao, wanaume pia wakaachiliwa mapema. Polepole nusu ya Jumamosi ilichukua nafasi ya Jumatatu. Mwaka 1871 sheria ya Sir John Lubbock ikaongeza sikukuu za benki, karibu zote zikiangukia Jumatatu, hivyo mara chache kwa mwaka mtu alipata siku mbili na nusu mfululizo. Mwaka 1879 jarida la Notes and Queries lilimweleza msomaji maana ya neno lililotumika Staffordshire: mtu anayeondoka nyumbani Jumamosi mchana, kazi ikiisha, na kukaa kwa marafiki wa mbali mpaka Jumapili ipite, huambiwa amekwenda kupitisha mwisho wa juma lake. Ndilo neno la Kiingereza, week-end, ambalo Kiswahili kimelichukua kama wikendi.

Kuvuka bahari kwa bei ya mfanyakazi kulijaribiwa mapema kuliko inavyosemwa. Mwaka 1861, wakati wa sikukuu ya Pentekoste, Cook na kamati iliyoongozwa na Paxton waliwapeleka Paris wafanyakazi zaidi ya 1,500 wa Uingereza. Cook alipata hasara. Kwake safari hiyo ilikuwa pia kazi ya amani, maana vita vya Napoleon bado vilikumbukwa na wazee wa nchi zote mbili. Mwaka 1868 akaanzisha kuponi za hoteli: msafiri alilipa kwao, kwa fedha ya kwao, na alipofika ugenini alitoa karatasi badala ya kubishana bei kwa lugha asiyoijua. Hofu kubwa ya mwenye fedha kidogo ni gharama asiyoitarajia, na kuponi iliiondoa. Mwaka 1889, Paris ilipozindua mnara wa Eiffel kwa maonyesho yake, chuo cha Polytechnic cha Regent Street, London, kilichoanzishwa na Quintin Hogg kwa ajili ya vijana wafanyakazi, kiliwapeleka wanafunzi wake huko kwa makundi, na kutokana na safari hizo kikakua chama cha utalii kilichodumu miongo mingi.

Vitabu vya mwongozo navyo vilikuwa chombo cha kubana matumizi, ingawa leo jalada jekundu la Baedeker huhesabiwa kuwa alama ya matajiri. Karl Baedeker, mchapishaji wa Koblenz, alikusudia kumwepusha msafiri na wapambe wa kukodiwa. Kitabu kilimtajia bei ya gari la farasi, kiasi cha bahashishi, hoteli zipi ni safi bila kuwa ghali, na kuanzia miaka ya 1840 kiliweka nyota kwenye vitu visivyopaswa kukosekana. Nyota hizo ndizo zilizoiwezesha ziara fupi: mwenye siku mbili tu mjini alijua pa kuanzia na cha kuacha.

Maonyesho yaliyojaza miji mikuu yalikuwa na upande ambao msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuujua. Mwaka 1896 Berlin iliandaa maonyesho yake ya viwanda kwenye bustani ya Treptow, na mamilioni ya watu walikwenda kwa tiketi za bei ndogo, kwa treni na boti za mtoni. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya makoloni. Waafrika na watu wa visiwa vya Pasifiki zaidi ya 100, wakiwamo Waswahili na Wamaasai kutoka koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, waliletwa kukaa katika vibanda vilivyoigizwa na kutazamwa kama sehemu ya burudani ya siku. Baadhi yao walifariki dunia huko huko. Kwa watu hawa, kufika mji mkuu wa Ulaya kulikuwa kazi ya kutazamwa, na matembezi ya gharama nafuu ya Mberlini yalijengwa kwa sehemu juu ya udhalilishaji wao.

Chakula kilipata suluhisho lake Paris. Katika miaka ya 1850 mchinjaji Baptiste-Adolphe Duval alianza kuwauzia wafanyakazi wa soko la Les Halles nyama iliyochemshwa na mchuzi wake. Mchuzi huo, bouillon kwa Kifaransa, uliipa jina aina nzima ya mkahawa: sahani chache, zinazopikwa kwa wingi, bei moja kwa wote. Mwaka 1896 ndugu Frédéric na Camille Chartier walifungua wa kwao mtaa wa Faubourg Montmartre, nao unafanya kazi hadi leo. Mteja hupita kwenye ua mwembamba na kuingia ukumbi mpana wenye dari la kioo, vioo ukutani na mbao za kahawia. Juu ya meza zimefungwa rafu za shaba za kuwekea kofia na mizigo. Ukutani zipo droo ndogo za mbao zenye namba. Humo wateja wa kila siku walihifadhi vitambaa vyao vya kujifutia, maana kila mtu alikuja na chake na mwenye mkahawa hakulipia dobi. Mhudumu mwenye kizibao cheusi na aproni nyeupe huwakalisha wasiojuana meza moja pakijaa, huandika oda kwa kalamu kwenye karatasi iliyotandikwa mezani, na mwishoni hujumlisha bei papo hapo, pembeni ya makombo. Siri ya bei ni kasi: kiti hakipoi. Mwaka 1989 ukumbi huo uliorodheshwa kuwa urithi wa kihistoria wa taifa.

Hispania ilifika mahali hapo hapo kwa amri ya serikali. Mwaka 1964 wizara ya habari na utalii chini ya Manuel Fraga ililazimisha mikahawa iwe na mlo wa watalii wenye bei iliyowekwa, pamoja na mkate, kinywaji na tunda au kitu kitamu. Nia ilikuwa kumpa mgeni uhakika wa gharama. Walioushika mlo huo zaidi ni Wahispania wenyewe, na ndio uliogeuka mlo wa siku unaoandikwa kwa chaki nje ya mikahawa ya Madrid kila mchana.

Kitanda cha bei ya chini kwa vijana kilianzia mbali na mji wowote mkuu. Tarehe 26 Agosti 1909 mwalimu Richard Schirrmann wa Altena, magharibi mwa Ujerumani, alikuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake walipopigwa na dhoruba. Walipata hifadhi katika darasa la shule ya kijiji kwenye bonde la Bröl, wakalala juu ya majani makavu. Watoto walilala, mwalimu akakesha akisikiliza radi. Usiku ule akawaza: shule zote za nchi huwa tupu wakati wa likizo, kwa nini madarasa yasiwe malazi? Alianza na darasa la shule yake huko Altena, kisha malazi yakahamia kwenye ngome ya kale ya mji huo, ambako vitanda vizito vya mbao vya ghorofa vingali vinaonyeshwa kama makumbusho. Kufikia mwaka 1932, mashirika ya nchi mbalimbali yalipounda shirikisho lao mjini Amsterdam, Ujerumani peke yake ilikuwa na hosteli za vijana zaidi ya 2,000. Wanazi walipochukua madaraka walizitwaa kwa ajili ya umoja wao wa vijana, na Schirrmann akasukumwa nje ya uongozi.

Baada ya vita hosteli zilisogea mijini, mara nyingi kwenye majengo yaliyokuwa yamepoteza kazi yake. Mfano unaopendeza kuliko yote uko Stockholm. Af Chapman, merikebu ya chuma yenye milingoti mitatu iliyoundwa Whitehaven, Uingereza, mwaka 1888, ilifungwa kwenye kisiwa cha Skeppsholmen, na tangu 1949 imelaza wasafiri katika vyumba vyake vidogo, mkabala na ikulu ya mfalme. Mahali ambapo hoteli ya kawaida ingedai fedha nyingi kwa ajili ya mandhari, kijana alilala kwa bei ya hosteli.

Likizo yenye malipo nayo iliongeza watu. Nchini Ufaransa serikali ya Léon Blum iliidhinisha mwezi Juni 1936 wiki mbili za likizo yenye malipo na wiki ya kazi ya saa 40, na Léo Lagrange, aliyesimamia michezo na mapumziko, akapata kwa kampuni za reli tiketi ya wananchi yenye punguzo la asilimia 40. Zaidi ya watu nusu milioni waliitumia mwaka huo huo wa kwanza. Wengi walitoka mjini kwenda baharini, lakini wapo wa mikoani waliokwenda kuiona Paris kwa mara ya kwanza. Jumamosi nzima ilingoja zaidi. Mwaka 1956 vyama vya wafanyakazi vya Ujerumani Magharibi vilibandika mabango ya mtoto mdogo akidai kwamba baba yake awe wake siku ya Jumamosi. Katika miaka ya 1960 madai hayo yalikuwa yamekubaliwa katika sekta nyingi, na siku mbili kamili zikawa mali ya kawaida ya mtu wa ajira.

Tarehe 1 Machi 1972 kampuni za reli za nchi 21 zilianza kuuza Interrail: tiketi moja, mwezi mmoja, treni zote za daraja la pili, kwa vijana wasiozidi miaka 21. Zaidi ya vijana 80,000 waliinunua mwaka ule wa kwanza. Kikomo cha umri kilisogezwa hadi 26 mwaka 1979, na mwaka 1998 kikaondolewa. Waliokuwa na tiketi hiyo walijifunza haraka hesabu ya treni ya usiku: ukipanda saa 4 usiku Paris na kushuka asubuhi mji mwingine, umesafiri na umelala, na hoteli haikulipwa. Miji mikuu ikawa vituo vya kuoga, kula, kutembea mchana kutwa na kuondoka tena.

Ndege zilichelewa kwa sababu bei zake zilikuwa mikononi mwa serikali. Njia kati ya nchi mbili iligawanywa kwa makubaliano baina ya mashirika mawili ya taifa, na nauli zilipangwa kwa pamoja. Vladimir Raitz alipotaka mwaka 1950 kuwapeleka Waingereza Corsica kwa ndege ya kukodi, kwa pauni 32 na nusu kwa safari nzima, aliruhusiwa kwa sharti la kuwachukua walimu na wanafunzi tu. Hata fedha yenyewe ilibanwa: kati ya 1966 na mwanzoni mwa 1970 Mwingereza hakuruhusiwa kutoka nchini na zaidi ya pauni 50 za matumizi ya matembezi kwa mwaka.

Hata hivyo ndani ya mfumo huo mgumu ndimo ilimoota wikendi ya kisasa ya mjini. Mashirika ya ndege yaliuza tiketi za kwenda na kurudi kwa punguzo kubwa kwa sharti moja: abiria alale ugenini usiku wa Jumamosi. Sharti hilo lilionekana la ajabu, lakini lilikuwa na akili. Mfanyabiashara aliyesafirishwa na kampuni yake alitaka kuwa nyumbani ifikapo Ijumaa jioni, hivyo hangeweza kuchukua tiketi ya bei ndogo, akaendelea kulipa nauli kamili. Mtalii hakujali. Na wafanyabiashara hao hao walipoondoka Ijumaa waliacha vyumba vitupu katika hoteli za Brussels, London na Amsterdam hadi Jumatatu. Mawakala wa safari waliunganisha mapengo hayo mawili, kiti cha ndege na kitanda cha hoteli, wakayauza pamoja kama kifurushi cha usiku mbili. Kwa mara ya kwanza Jumamosi ya mji mkuu ikawa siku ya bei ya chini, kinyume kabisa na Hyde Park ya 1851.

Ukuta wa nauli ulivunjwa kwanza kati ya miji mikuu miwili, Dublin na London. Mwaka 1986 Uingereza na Ireland zililegeza masharti, na Ryanair, kampuni ndogo iliyoanza mwaka uliotangulia kwa ndege ya viti 15, ikaingia njia hiyo kwa pauni 99 kwenda na kurudi, chini ya nusu ya bei ya mashirika makubwa. Katika miaka michache abiria wa njia hiyo waliongezeka zaidi ya maradufu. Wengi walikuwa Wairishi wafanyao kazi Uingereza, waliozoea kusafiri mchana au usiku kucha kwa meli na treni. Sasa waliweza kwenda kuwaona wazazi wao Jumamosi na kuwa kazini Jumatatu. Mwaka 1986 pia, tarehe 30 Aprili, Mahakama ya Ulaya iliamua katika kesi ya Nouvelles Frontières kwamba sheria za ushindani zinahusu usafiri wa anga pia. Jumuiya ya Ulaya ikafungua soko kwa awamu tatu, ya mwisho ikaanza kazi Januari 1993, na kuanzia Aprili 1997 shirika la nchi yoyote mwanachama liliweza kuruka hata ndani ya nchi nyingine mwanachama.

Kampuni mpya hazikuwa na uchawi. Ziliiga shirika la ndege la Southwest la Marekani: aina moja ya ndege, ili rubani na fundi yeyote aweze kuihudumia yoyote, viti vingi zaidi, hakuna chakula cha bure, ndege itue, ishushe, ipakie na kuruka tena ndani ya dakika 25 hivi, kwa kuwa ikiwa chini haiingizi kitu. EasyJet ya Stelios Haji-Ioannou iliruka mara ya kwanza tarehe 10 Novemba 1995 kutoka Luton kwenda Glasgow, kwa pauni 29, namba ya simu ya kununulia tiketi ikiwa imepakwa rangi ubavuni mwa ndege. Mwaka 1998 ikaanza kuuza kwa intaneti. Kompyuta iliweza kubadili bei kila saa kulingana na viti vilivyobaki, na tiketi ikauzwa kipande kimoja kimoja, kwenda peke yake na kurudi peke yake. Sharti la usiku wa Jumamosi likafa. Nalo lilipokufa, Ijumaa jioni na Jumapili jioni zikapanda bei, na mwenye fedha kidogo akasogea kwenye Jumanne na Jumatano.

Tarehe 1 Mei 2004 nchi 10 ziliingia Umoja wa Ulaya, na shirika la ndege la Wizz Air likaruka mara ya kwanza tarehe 19 ya mwezi huo huo, kutoka Katowice hadi Luton. Prague, Budapest, Riga, Tallinn na Warsaw, miji ambayo miaka 15 kabla ilihitaji viza na subira, ikawa safari za Ijumaa hadi Jumapili. Ukaguzi wa mipakani ulikuwa umeanza kuondolewa mwezi Machi 1995 chini ya mkataba wa Schengen, ukaondolewa upande wa mashariki Desemba 2007, na noti za yuro zilizotoka Januari 2002 zilifuta ada za kubadilisha fedha katika nchi 12 za mwanzo. Kwa Mtanzania au Mkenya anayeishi Hamburg au Rotterdam kwa kibali cha ukaazi, mkataba wa Schengen una maana ile ile kama kwa raia wa Ulaya: anaweza kupanda treni kwenda Paris kesho. Kwa ndugu yake aliyeko Mombasa au Mwanza, hesabu huanza na ada ya viza, yuro 90 tangu Juni 2024, kabla ya nauli yoyote.

Nauli ilipoanguka, gharama nyingine ilihamia kando. Kutua viwanja vya mbali kulikuwa na ada ndogo, hivyo abiria wa Paris alijikuta Beauvais, kilomita 80 na zaidi kutoka mjini, na wa Stockholm akajikuta Skavsta, kilomita 100. Tiketi ya basi, muda wa barabarani, begi la ziada na kiti cha kuchagua vyote vikawa na bei yake. Mpangaji makini wa leo hujumlisha hivyo vyote kabla ya kuamini bei ya kwanza anayoonyeshwa.

Wenyeji wa miji nao walianza kuhesabu. Kitanda kitupu kilikuwa kimefika majumbani: kampuni ya Airbnb iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008 ilimwezesha mtu kukodisha chumba cha ziada, na hilo lilikuwa jambo jema kwa pande zote. Lakini nyumba nzima zilipoanza kununuliwa kwa ajili hiyo, mitaa ya Lisbon, Berlin na Amsterdam ikapoteza wapangaji wake wa kudumu, na hapo malalamiko ya wenyeji yana haki kuliko furaha ya mgeni. Mwaka 2019 Amsterdam iliweka kikomo cha siku 30 kwa mwaka kwa nyumba kukodishwa kwa watalii. Mwaka 2024 ilipandisha kodi ya malazi hadi asilimia 12.5 ya bei, na Lisbon ikapandisha ya kwake kutoka yuro 2 hadi 4 kwa usiku.

Treni za usiku, zilizokuwa zimeuawa karibu zote na ndege za bei ndogo, zimeanza kurudi. Shirika la reli la Austria lilichukua mabehewa ya kulala ambayo Ujerumani iliyaacha Desemba 2016, na Januari 2020 likaunganisha tena Vienna na Brussels. Mwezi Mei 2023 kampuni changa ya European Sleeper ilianza safari za usiku za Brussels hadi Berlin kupitia Amsterdam, ikiuza viti, vitanda na, kwa wanaobana matumizi, nafasi moja katika chumba cha watu sita.